Nani Anaichezea Petroli Yangu

Jumamosi, Mfunguo Saba 13, mwaka 1331

Mvua imeanza kwa kishindo, nami nimeanza kuandika, kwa sababu kuna mtu ananifanyia mchezo, na anayechezewa lazima aweke ushahidi. Mimi Zahor bin Zahran si mtu wa kuchezewa. Nimetia makaa katika meli mpaka Bombay, nimekula tende za Basra juu ya mtende wenyewe, na Aden nimepigana na mpishi wa Kigoa mwenye upawa, nikashinda. Chuoni nilitoroka kabla ya kuhitimu, lakini dunia imenimalizia.

Jambo lenyewe ni mashine. Salem ameagiza kutoka Marekani mashine ya kutundika nyuma ya mashua. Juu ina gurudumu, unalizungusha kwa mkono, inakohoa, inanguruma, na mashua inakwenda peke yake kama imetukanwa. Hakuna nyingine mjini, na kama ipo basi mwenyewe kaificha. Salem ni ndugu yangu wa kunyonya. Mamangu alipofariki, mamake Bi Thuwaiba alinichukua na kuninyonyesha ziwa moja na mwanawe. Mbele za watu namwita Bwana Salem, kwa sababu yeye ana shamba Mangapwani na mimi nina kanzu mbili.

Kazi yangu ni kuiendesha mashine. Tunachukua watu na mizigo ya shamba, Forodhani mpaka Mangapwani, maana masika haya njia ya juu ni tope mpaka tumbo la punda. Anayeshika usukani, msukani wangu, ni Kificho, Mtumbatu.

Leo imezima mbele ya Bububu. Nimezungusha gurudumu mpaka bega limelia. Kificho akashika kasia, akaanza kuimba. Mtu mashua imemfia baharini anaimba kwa furaha gani? Nimeliandika hilo.

Mfunguo Saba 15

Mvua. Hatukutoka.

Mfunguo Saba 16

Nimekwenda dukani kwa Taibali, Mkunazini, anakotuuzia petroli. Nimemkazia macho.

"Taibali, unatia maji katika petroli yangu."

"Bwana Zahor, debe linakuja limefungwa kwa lehemu. Mimi maji nitayaingiza wapi? Kwa dua?"

Nimeyageuza madebe yake yote, nimeyagonga, nimeyanusa. Lehemu nzima. Akanipa chai, nikainywa, lakini sikumwamini. Mtu mwenye hasira za haki hakupi chai.

Mfunguo Saba 18

Mashine imekwenda vizuri kwa debe jipya. Inanguruma kama simba aliyeshiba.

Mfunguo Saba 20

Imezima tena. Jumamosi tena.

Nimefikiri, labda ni mafuta ya kulainisha. Karatasi iliyokuja na mashine, aliyotusomea karani wa forodha, inasema petroli ichanganywe na mafuta mazito ya mashine, kisha ichujwe kwa ngozi laini. Kwa ngozi! Nikamwambia karani, Mzungu huyu kachanganya mashine na ngoma. Mimi nachuja kwa melimeli ya kilemba changu cha Idi, kitambaa ambacho hata mchanga wa Makka haupiti. Na mafuta mazito yalipokwisha nilitia mafuta ya nazi, kwa kuwa mafuta ni mafuta.

Basi mashine imetoa moshi wenye harufu ya jikoni. Abiria mmoja, bibi wa Mtoni, akauliza vitumbua vitaiva saa ngapi.

Mfunguo Saba 22

Asubuhi kuna baridi ya mvua, mafuta ya nazi yameganda ndani ya kijibomba kama samli. Nimeshinda nikiyakwangua kwa kijiti. Kificho alisimama akatazama.

"Jaribu sifa, mafuta ya papa," akasema. "Mashua yetu tunaipaka sifa na inaishi kuliko mwenyewe."

"Unataka niue mashine?"

"Mimi? Mashine yako inajiua yenyewe, sheikh. Mimi nnapiga makasia tu."

Aliposema "inajiua" alitabasamu. Nimeliandika na hilo.

Mfunguo Saba 25

Mafuta ya mbono hayataki kuchanganyika na petroli, yanakaa chini yananitazama. Nimerudia mafuta ya mashine, Taibali ameyapata. Juu yake nimetia kafuri. Baharia mmoja Bombay aliniambia kafuri inaipa petroli nguvu, na baharia yule alikuwa hasemi uongo ila akiwa na njaa.

Mke wangu Tamima kaniona nnaiponda.

"Kafuri ni ya maiti, Zahor. Ushaiosha, kilichobaki ni kuikafini."

Mfunguo Saba 27

Imezima. Jumamosi. Mbele ya Mtoni, mvua juu, maji chini, na abiria mmoja mwenye kuku ananisomea Yasini.

Sasa sikilizeni hesabu yangu. Debe nikilifungua nikalitumia siku ile ile, mashine inakwenda. Debe lililofunguliwa likalala stoo, mashine inakufa. Kwa hiyo si Taibali. (Nimempelekea ndizi mkono mmoja, bila kumwambia ni za nini.) Mchezo unachezwa stoo. Stoo ni chumba cha chini nyumbani kwa Salem, Malindi, na funguo ziko mbili. Moja ninayo mimi, ya pili anayo Kificho.

Mfunguo Nane 2

Nimemuuliza Kificho kwa mzunguko, kama watu wa mjini tunavyojua.

"Kificho, mashine hii ikiondoka, wewe utakuwa nani?"

"Nitakuwa Kificho."

"Na mimi?"

Akafikiri. "Wewe utakuwa mtu mwenye hadithi nyingi za Basra."

Mtumbatu huyu ana ulimi. Kabla ya mashine yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa mashua, kwa tanga na makasia. Sasa mkubwa ni mimi. Mtu aliyeshushwa kitini hamsahau aliyekikalia.

Mfunguo Nane 5, Jumamosi

Siku mbaya. Salem mwenyewe alikuwa chomboni na wageni wake, kanzu nyeupe, majoho, bakora. Nimewasimulia njia nzima jinsi mashine inavyonitii. Nilikuwa nimefika kwenye neno "inanitii" ilipozima.

Imetuchukua mpaka magharibi kurudi kwa makasia. Wageni wameloa kama kuku wa kunyonyolewa. Salem hakunipigia kelele, na hilo ndilo lililonitia baridi. Aliposhuka alinishika mkono, akaniweka kando.

"Zahor, kuna mtu wa Tanga anaitaka. Masika yakiisha anakuja kuitazama. Ikiwa bado ina ugonjwa huu, nnaiuza na tunarudi kwenye punda."

"Na mimi, Salem?"

"Wewe ni ndugu yangu," akasema. Neno zuri, lakini halilipi kodi ya nyumba. Mimi nnajua mlango uliobaki: kurudi chini ya meli, kwenye makaa, na kifua changu hiki kinachopiga filimbi. Tamima anajua pia. Usiku hakunitania hata mara moja.

Mfunguo Nane 8

Nimepanda juu nyumbani kwa Salem kumwamkia Bi Thuwaiba, nikamlilia shida yangu. "Mashine mgonjwa, mama. Ikifa na mimi nimekufa." Akanishika kichwa kama nilipokuwa mdogo. Akasema, "Haifi, mwanangu. Inshaallah itapona." Moyo ukatulia kidogo.

Mfunguo Nane 12, Jumamosi

Nimempata.

Imezima Mtoni. Safari hii nilikuwa na akili: nilichukua chupa tupu, ya kioo cheupe, nikaijaza petroli ya debe lile, nikaisimamisha juu ya ubao. Juu petroli, safi. Chini yake, wallahi kwa jina la Mungu, maji. Na si maji meupe. Maji ya manjano.

Sasa mtu mzima akiona maji ya manjano, yaliyotiwa kwa siri, na mtu mwenye ufunguo, katika kitu cha mtu anayemchukia, atasema ni nini?

Mkojo.

Kificho alikuwa anafunga kamba Forodhani, na watu wamejaa, wachukuzi, wauza madafu, na mabibi wanaosubiri mashua. Nimeinua chupa juu.

"Watu wa Unguja! Tazameni alichonitilia Mtumbatu huyu katika petroli!"

Kificho akageuka. "Nini hicho?"

"Chako. Au hukijui ukikiona chupani?"

Watu wakacheka. Mimi nilicheka zaidi. Yeye hakucheka. Kaitazama chupa, kanitazama mimi, kisha akafungua upindo wa shuka yake, akatoa ufunguo wa stoo na kuuweka juu ya ubao mbele yangu.

"Nimekuongoza masika yote haya," akasema polepole. "Nimevuta kasia wewe ukisimulia. Sikukuomba sifa. Lakini neno hili, Zahor, umenivua nguo mbele ya watu."

Akaondoka. Sikumwita. Nilikuwa na chupa mkononi na nilijiona mshindi.

Mfunguo Nane 13

Kificho hakuja. Vizuri.

Mfunguo Nane 14

Hakuja. Wanasema kapanda ngalawa ya Mkokotoni, karudi kwao.

Mfunguo Nane 16

Nimepewa msukani mpya, Jecha. Kila tunapokaribia mwamba anafumba macho. Nimemuuliza kwa nini. Anasema hapendi kuona.

Tamima kaniuliza kama nina hakika na lile la Kificho. Nimesema hakika kama jua. Akatazama nje. Mvua ilikuwa inanyesha.

Mfunguo Nane 19, Jumamosi

Mashine imezima.

Ufunguo wa Kificho ninao mimi. Kificho yuko Tumbatu. Nimejaza chupa tena, na chini ya petroli kuna maji yale yale ya manjano.

Nimekaa na chupa hiyo muda mrefu. Jambo moja nimelijua, nalo linanikata: mtu niliyemtukana Forodhani mbele ya wauza madafu hakufanya kitu. La pili silijui bado. Nikamshuku Jecha, lakini Jecha ufunguo hana, na mtu anayefumba macho mbele ya mwamba hawezi kupanga uovu. Nikamshuku Taibali tena, nikakumbuka zile ndizi. Nikawashuku paka wa Malindi. Kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, nikamshuku Tamima, kwa sababu alikuwa ananitazama kwa huruma.

Nimemimina ya chupani katika kisahani, nikakiweka dirishani, ili angalau nione kinachobaki.

Mfunguo Nane 20

Petroli imepaa yote usiku. Kisahanini yamebaki yale maji ya manjano. Nimekiinua kwenye pua kwa hadhari kubwa, kama mtu anavyonusa mkojo wa adui.

Kisahani kinanukia mawaridi.

Nimenusa tena. Nikamwita Tamima. Akanusa, akatia ncha ya kidole, akaitazama rangi kwenye mwanga.

"Hii ni zafarani," akasema. "Zafarani na marashi." Kisha akanitazama. "Zahor. Hili ni kombe."

Kombe! Mwalimu anaandika aya kwa zafarani katika sahani nyeupe, anaziosha kwa marashi, na mgonjwa anakunywa. Mimi mwenyewe nimenywa makombe ya kutosha kujaza tangi, kila homa ya utotoni, na aliyekuwa akininywesha akinishika pua ni mmoja tu.

Lakini sitaki kuamini mpaka nione.

Mfunguo Nane 24, Alkhamisi

Baada ya sala ya alasiri nimejificha stoo, nyuma ya magunia ya mbata za nazi. Sikukaa sana. Nikasikia viatu vya mti ngazini, taratibu, pumziko kila daraja, na mkufu wa funguo. Mkufu wa funguo! Mimi nilihesabu funguo mbili katika nyumba ambayo bibi mwenye nyumba ana ya kila kasha na kila mlango tangu ujana wake.

Kwanza ulikuja moshi wa ubani. Akili ikaniruka. Ni Alkhamisi, anafukiza nyumba nzima, na mkononi ana chetezo cha makaa mekundu, na mimi nimekaa kati ya madebe ya petroli. Nikatoka nyuma ya magunia nikipiga kelele:

"Mama! Usiingie na moto!"

Bi Thuwaiba akashtuka, akashika ukuta. Chetezo alikuwa ameshakiweka nje kizingitini.

"Harufu ya humu inaniumiza kichwa," akasema, "huwa sikiingizi. Na wewe unafanya nini nyuma ya mbata, mtu mzima?"

Mkono wa pili ulikuwa na bakuli la kauri. Ndani yake nikaona maji ya manjano. Nikakaa juu ya debe.

"Mama, hilo ni la nani?"

"La nani tena? La mgonjwa wako." Akanionesha kwa furaha kama mtu aliyeficha zawadi. "Toka mvua zianze, kila Alkhamisi. Mwalimu namwambia ni la mwanangu, na si uongo, kwani wewe si mwanangu? Ulipokuja kunililia, nikamwambia azidishe."

Azidishe! Kumbe nilipolia, ndipo mashine ilipokunywa zaidi.

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na sura yangu ilichagua yote mawili. Akaniona, tabasamu lake likapungua. Mtu mzima hahitaji kusimuliwa.

"Nimefanya kosa, Zahor?"

Nimezunguka dunia na ulimi huu, nimewadanganya maserahangi wa meli na makarani. Leo nilihitaji neno moja la kweli lisilomchoma mama aliyenipa ziwa lake, nikalitafuta kama sindano.

"Hujafanya kosa, mama. Ila mgonjwa huyu hana tumbo. Kombe lake si la kunywa, ni la kupakwa. Umpake mwilini, kwa nje, nami nitakushikia bakuli."

Nadhani alielewa yote, na nadhani alijua kuwa najua ameelewa. Akaniuliza jambo moja tu:

"Na yule msukani aliyekwenda kwao. Alikwenda kwa ajili ya hili?"

Nikainamisha kichwa. Akaweka bakuli chini, akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Nenda kamlete," akasema.

Mfunguo Nane 26

Nimevuka mpaka Tumbatu kwa ngalawa ya watu, nimetapika njia nzima, mimi niliyekwenda Basra.

Wanu, mke wa Kificho, alinikuta mlangoni. "Wewe ndiye mwenye chupa?" Nikasema naam. "Simama hapo hapo." Akanisimamisha mvuani mpaka mumewe alipotoka, na majirani wote wakapata haja ya kupita.

Nikamwomba radhi pale pale, kwa sauti, ili kama tusi lilisikiwa na watu, radhi nayo isikiwe na watu. Kuhusu bakuli nikamwambia yeye peke yake, sikioni. Kificho alianza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka mpaka akashika nguzo.

"Mashine imekunywa kombe!"

"Taratibu, ndugu yangu. Hilo ni la mimi na wewe."

Akaiachia nguzo, akawa mtu mwingine. "Forodhani walisikia mkojo. Kombe hutaki walisikie. Sasa mimi nitarudi na jina gani?"

Hilo ndilo swali. Nimelala nalo kwenye mkeka wake, baada ya kula samaki wake.

Mfunguo Nane 28

Barazani kwa Salem, Malindi. Kahawa inazunguka, watu wamejaa, na nimewaalika kwa makusudi baadhi ya wale wa Forodhani. Kificho kakaa kando yangu.

"Mchezaji wa petroli nimempata," nikasema.

"Nani?" Salem akauliza.

"Mimi."

Nikaendelea kabla ulimi haujanisaliti.

"Karatasi ilisema nichuje kwa ngozi. Mimi kwa kujua kwangu nikachuja kwa kilemba. Melimeli inapitisha maji. Kificho hana kosa hata la tone. Niliyemvunjia heshima ni mtu safi, na mjinga alikuwa ndiye aliyeshika chupa."

"Na ile rangi?" akauliza mmoja.

"Ujinga una rangi nyingi," nikasema. Barazani wakaangua kicheko. Mzee mmoja akaniita Fundi Melimeli papo hapo, na jina limenata. Nimelisikia mara ngapi tangu hapo sitaki kujua.

Nyuma ya mlango nilisikia mtu anakohoa kidogo, kikohozi nilichokijua tangu utotoni.

Salem hakucheka. "Ufunguo wa stoo atashika Kificho," akasema. "Na mtu wa Tanga anakuja wiki ijayo. Mashine ikienda Mangapwani bila kuzima mbele ya macho yake, haiuzwi. Ikizima, anaondoka nayo."

Mfunguo Tisa 3

Nimeishona ngozi ya paa, laini kama sikio la mtoto. Petroli inapita, maji yanabaki juu yake yanameremeta kama lulu. Nimeyatazama kwa aibu. Mzungu yule hakuwa na ngoma akilini.

Mfunguo Tisa 6

Jua. La kwanza.

Mfunguo Tisa 7

Mtu wa Tanga kafika, bonge la mtu, pete ya akiki, macho ya kununua. Salem kakaa kando yake. Na chini ya kitambaa cha kivuli kakaa Bi Thuwaiba na wageni wake wawili, wanakwenda shamba. Asubuhi alikuwa ameipaka mashine kwa mkono wake, nje tu, nimeshika bakuli.

Petroli amemimina Kificho. Gurudumu nimempa yeye azungushe. Akazungusha mara moja, ikanguruma.

Mimi nimekaa katikati kama abiria, mikono magotini. Mtoni tukapita. Bububu tukapita. Kila mawimbi yalipobadilisha sauti ya mashine, nilimtazama Kificho, naye alitazama bahari.

Mtu wa Tanga akamwinamia Kificho. "Huyu ndiye yule fundi asiyejua kuchuja?"

"Ndiye," akasema Kificho bila kugeuza shingo. "Tunamvumilia."

Mashua nzima ikacheka. Nina majibu ya kila bandari, na hili lilikuwa na majibu matatu mazuri. Nimeyameza yote.

Mashine haikuzima. Imeingia Mangapwani ikinguruma, na Salem akamwambia mtu wa Tanga, "Karibu shamba, unywe madafu. La kununua hakuna."

Kabla hatujashuka, Bi Thuwaiba alifungua kijaluba chake cha tambuu. Wageni wake walinyoosha mikono, maana ndio desturi, mgeni kwanza. Akawapita. Akakunja jani moja kwa uangalifu, popoo, chokaa kidogo, karafuu juu, akanyoosha mkono wake mbele ya watu wote mpaka kwangu.

Nikapokea kwa mikono miwili. Nikaitafuna taratibu.